Joka la Chooni

Shemeji,

Maziwa ya mwanao yako kwenye chupa. Akishakunywa mkalishe chooni, mwekee kigoda miguuni, na usimharakishe. Akijichafua usimgombeze.

Asubuhi kagoma kuingia, eti mle chooni kuna joka linalovuta watoto wanaokawia. Nikamuuliza nani kamwambia. Akatupa macho kwenye mlango wa chumba chako. ~~Simshuku mtu.~~ Nakushuku wewe. Nani mwingine humu ndani hugonga mlango wa choo kila akichelewa kazini?

Basi leo ukae wewe kwanza, akuone unatoka mzima.

Halafu ile chupi aliyojichafulia jana nimeiona. Kaificha ndani ya kiatu chako cha kazini. Sijaigusa.

Mama yake