Mistari ya Dada Yangu

Jumanne, Igogo

Yaani mimi, niliyevua sangara mrefu kuliko mtumbwi, leo nimeshindwa na mistari ya simu!

Kwenye tamthilia ya runinga tunayoifuata, mke mwema alikufa, dada yangu wa Sengerema akalia. Nikamwandikia mwendelezo wangu mtandaoni. Kila mstari ulipofika ukingoni mwa kioo cha simu yangu, niliukata nikashuka. Kwangu imenyooka kama rula.

Leo kapiga. "Kaka, hii ni hadithi au ngazi? Mstari mrefu, halafu neno moja. Macho yanauma, nimeacha."

Simu yake ni ndogo kuliko yangu, kwa hiyo kila mstari wangu unakatika tena. Nimejaribu kuiunganisha mistari, maneno yakafutika. Sijui nifanyeje.

Na hajafika mwisho, nilipomfufua yule mke. Nikimsimulia kwa mdomo, atasema ni uongo kama wa sangara wangu.