Wakubwa Watangulie Mteremkoni

Mjukuu wangu Deo,

Marahaba, mume wangu. Huku Mgeta hatujambo, mwanangu ameota meno mawili. Wenzako wacheke tu kwamba bibi yako ananyonyesha. Ubibi nimepewa na ukoo, si na mvi.

Unasema kocha wa kikapu hapo chuoni ameleta wachezaji wapya wa kupandisha mpira, nafasi yako hiyo hiyo, wakubwa kwa miili na wazoefu, nawe umewekwa benchi. Unauliza uache kikapu? Hata mimi nimechanganyikiwa.

Nilipokuwa msichana tulikuwa tukijitwika kabichi na kuzishusha mlimani mpaka kwenye lori. Nilikuwa mwepesi, natangulia. Siku moja ya utelezi mama akaniita, "Rudi nyuma! Wakubwa watangulie." Nikalia, nikajua sifai. Mbele kidogo nikateleza, nikaangukia mgongo wa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa mbele yangu. Hakuyumba hata kidogo.

"Kabichi hii mbona ina miguu!" akasema, wote wakacheka. Toka hapo nikawa nakanyaga alipokanyaga yeye.

Sasa sijui, Deo. Mama alinirudisha kwa kuwa sifai, au alitaka niwe na wa kumwangukia? Sikumuuliza, na sasa hayupo. Wewe kocha wako yupo. Kabla hujaacha, muulize.

Bibi yako,
Mama Neema