Kigingi Ambacho Sijakipita

Baba,

Jana nilipanda lile jabali la mlimani, mara ya kwanza tangu utuache. Nilivaa mkanda wako wa kupandia. Mutwiri, mwenzako wa kuongoza wageni, aliukaza mpaka tundu la mwisho na bado ukanilegea.

Hapa nyumbani Kanyakine, Mama bado anachemsha chai ya watu wengi, halafu tunaimwaga. Ule waya wa kuanikia nguo bado upo. Unakumbuka ulivyonifundisha juu yake? Ndoano mbili zilizofungwa kiunoni, zote zimeshika waya. Nikifika kwenye nguzo nahamisha moja, ikishafunga ndipo nahamisha ya pili. Shuka za Mama zikaanguka matopeni, akapiga kelele, nawe ukamwambia, "Mama Kendi, shuka zitafuliwa. Huyu akianguka tutafua nini?" Akacheka huku amekasirika.

Ndiyo maana sielewi, Baba. Wewe! Mgeni aliganda kwa woga kwenye kigingi cha katikati, pale waya wa usalama wa jabali ulipofungwa mwambani, na ili umzunguke umsaidie ulifungua ndoano zote mbili. Zote. Yeye alishuka mzima. Kanisani walikuita shujaa, nami nikaitikia amina, lakini moyoni nilikuwa na hasira.

Mutwiri alisema nikipita kigingi hicho ataniingiza kwenye kazi ya kuongoza wageni. Unajua nimeitaka tangu niko shule. Ukungu ulikuwa mzito, waya baridi mpaka kwenye mifupa. Nilifika. Nikafunga ndoano ya kwanza upande wa pili. Ile nyingine nikaishika tu, nikasimama hapo.

"Kendi, umelala? Nikuletee blanketi?" Mutwiri alinitania kutoka chini. Halafu akaona sisogei. Akapanda hadi nilipokuwa, tukashuka polepole. Nilipofika nyumbani, Mama alichukua viatu vyangu akaanza kuvikwangua matope.

Wao wanafikiri niliogopa kuanguka. Sikuogopa, Baba. Niliangalia chini kwa sababu nilikuwa nakutafuta. Nikaona ukungu tu, na miguu ikakataa kukuacha hapo peke yako.

Pumzika sasa. Mvua ikiisha nitapanda tena, na nitapita, nakuahidi. Ukiniona nimepita bila kuangalia chini, usidhani nimekusahau.

Mtoto wako,
Kendi