Mama Mkwe Amenikataza Kubadilisha Kochi Mpaka Viza Itoke

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia usitaje mtaa ninaokaa, kwa sababu mama mkwe husoma ukurasa wako kila wiki, tena kwa sauti.

Mimi ni fundi makochi. Mke wangu yuko nje, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na sijamwona kwa macho yangu kwa miaka miwili na miezi minne. Alipokuja likizo mara ya mwisho tulikaa mezani sebuleni tukajaza fomu za kuomba mimi nimfuate kama mume wake, kurasa thelathini na nane, tukaambatanisha cheti cha ndoa, picha za nyumba, na barua ya mama mkwe akithibitisha kwamba anatujua na kwamba ndoa yetu si ya kuigiza. Kwenye swali la nani wanaishi ndani ya nyumba hii mke wangu aliniandika mimi, akamwandika mama yake, kisha akainua macho akamwona mwalimu wa udereva anakunywa chai upande wa pili wa meza, akaona ni utovu wa adabu kumruka mtu aliye mbele yako, akamwandika na yeye. Huyu mwalimu ni rafiki yangu, paa la chumba chake lilikuwa linavuja, akaja kwetu kujihifadhi kwa wiki mbili.

Mke wangu akaondoka, fomu zikapelekwa, tukaanza kusubiri. Sasa mshauri, siku mama mkwe alipokwenda kutoa fotokopi ya zile fomu kabla hazijapelekwa, alikutana na mwanamke kwenye foleni akamsimulia habari za kijana aliyenyimwa viza kwa sababu kwenye fomu aliandika kuta za nyumba yake ni nyeupe, halafu mbele ya afisa akasema ni rangi ya maziwa. Sijui kama ni kweli. Mama alirudi nyumbani amenywea, akaziweka fotokopi kwenye mfuko wa plastiki, akautundika kwenye msumari jikoni, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kitakachobadilika ndani ya nyumba hii mpaka viza itoke.

Nilidhani ni utani. Sharubu nilizokuwa nazo kwenye picha ya pasipoti, ambazo ziliota kwa sababu tu nilipoteza wembe, nimeambiwa nisiziguse, na ninazo hadi leo, zinaingia kwenye chai. Pazia la dirishani limeoza kwa jua lakini limo kwenye picha ya nne, kwa hiyo linafuliwa taratibu kama nguo za mtoto mchanga. Paka tuliyemwandika alipotea, mama akaleta mwingine asiyefanana naye hata kidogo, akampa jina lile lile, na yule wa kwanza aliporudi mwenyewe baada ya miezi mitatu akafukuzwa, kwa sababu fomu inasema paka mmoja.

Mwalimu wa udereva naye, paa lake lilipozibwa, mama alimwomba avumilie kidogo. Mwanzoni alifurahia, maana mtu akishajua kwamba kuondoka kwake kunaweza kuvuruga ndoa ya watu hubadilika, akaanza kupakuliwa wa kwanza, akashika rimoti, akahamia chumba chenye dirisha kubwa, yaani chumba changu. Lakini mwaka huu amepata mchumba, karani wa posta, na wanafunga ndoa mwezi huu. Mama alimpongeza vizuri sana, kisha akamwuliza kama bibi harusi atakuwa na neno iwapo mume wake atakuwa anarudi kwetu kulala. Juzi mwalimu alitaka kufungasha akakuta sanduku lake halipo. Alinifuata karakana, akasimama mlangoni na mashati yake mikononi, akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, mimi sikuomba viza."

Mimi mwenyewe kinachonichoma zaidi ni kochi. Ni la sebuleni, limo kwenye picha ya kwanza na ya pili, na springi zimetokeza juu, mtu anakaa amejipinda kama anayesikiliza kitu ukutani. Mshauri, mimi ni fundi makochi. Mwalimu mkuu wa shule moja alikuja nyumbani kuagiza viti vya ofisi yake nzima, akakaa, springi ikamshika sketi, tukamnasua mimi na mama, akaaga na sijamwona tena. Basi wiki iliyopita mama alipokwenda kumjulia hali dada yake, nilishindwa. Nililivua kochi kitambaa, nikabadilisha springi na sponji, nikalivika kitambaa cha buluu, kazi ya siku mbili, na tangu nijifunze ufundi sijawahi kutengeneza kochi zuri kama lile. Mama aliporudi hakunigombeza. Alikaa sakafuni, mkoba ukiwa bado begani, akaniuliza kama nimemchoka binti yake. Nilikwenda kwenye pipa la taka, nikakitoa kile kitambaa cha zamani, nikakishona juu ya kile kipya, na kwa kuwa nilipokivuta matundu yaliyotobolewa na springi yalikuwa yamehama kidogo, nikayaziba, nikachukua mkasi nikayatoboa upya mahali pake, nikilinganisha na picha.

Na maswali hayaishi. Nikiwa naoga mama hugonga mlango kuuliza mke wangu anaogopa nini, nami najibu kwa povu mdomoni kwamba ni radi, anauliza analala upande gani, najibu wa ukutani. Mke wangu naye akipiga simu Jumapili ni mazoezi yale yale. Jumapili iliyopita nilimwuliza anaendeleaje, akanijibu tarehe ya ndoa yetu. Alishtuka mwenyewe, halafu akasema muda wa kuingia kazini umefika.

Sasa nikuambie lililonifanya nichukue kalamu. Ukurasa wa tisa unauliza tulikutanaje. Ukweli ni kwamba mama mkwe alinunua kiti kwangu, akakikalia mbele ya wageni wake, mguu ukakatika, akaanguka chali. Binti yake alikileta karakana akanigombeza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akanisimamia wakati nakitengeneza. Siku ya tatu akarudi, kiti kinalia. Akarudi tena, bado kinalia. Mara ya nne alipokileta nilikikalia nikajitikisa na hakikulia hata kidogo, nikamsogezea stuli, akakaa.

Lakini mama hakutaka kuanguka kwake kusomwe na serikali za watu. Kwa hiyo mke wangu aliandika kwamba tulikutana kwenye harusi ya binamu yake na kwamba mama ndiye aliyetutambulisha, mama naye akaandika hivyo hivyo kwenye barua yake akatia sahihi, na mimi nikatia sahihi. Hiyo harusi ilikuwepo, ila mimi sikualikwa. Nimeikariri miaka miwili, mpaka majuzi mteja aliponiuliza nilimpataje mke wangu nikajisikia namsimulia harusi, nikaongeza na shati nililovaa.

Barua ya kuitwa kwenye mahojiano imefika, ni wiki tatu zijazo. Nikisema kweli, mke wangu na mama yake wataonekana waongo. Nikiapa kuhusu harusi, na afisa akaniuliza swali moja tu nisilolikariri, tumekwisha, na hata akiamini, nitakuwa nimemfuata mke wangu kwa maneno ambayo hayamhusu. Na mwalimu anaondoka Jumamosi, awe na sanduku au asiwe nalo. Nifanyeje?

Fundi mwenye sharubu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Barua yako niliisoma nikacheka, nikaacha kucheka nilipofika kwenye mkasi. Mtu anayetoboa kochi lake jipya kwa kufuata picha nampa pole, lakini zaidi namtikisa bega.

Nianze na mepesi. Fomu iliuliza nani anaishi pale siku ile, haikuuliza nani ataishi pale mpaka kiama. Nilimpigia simu mama mmoja aliyewasaidia watu na maombi ya aina hii kwa miaka mingi, sikukutaja, akaniambia watu huhama, hunyoa, hununua makochi, na jambo kubwa likibadilika unaarifu kwa maandishi, basi. Kila nchi ina utaratibu wake, kwa hiyo usinitegemee mimi wala yule mwanamke wa kwenye foleni. Utundue ule mfuko wa plastiki, uende nao kwa wakili wa mambo ya uhamiaji au ofisi ya msaada wa kisheria, wiki hii. Ungekwenda miaka miwili iliyopita, paka wako angekuwa ndani.

Sanduku la mwalimu litafute leo. Bila shaka liko chini ya kitanda cha mama, na nadhani ulilijua hilo ulipokuwa unaandika. Ulibebe wewe mwenyewe hadi kwake, umwombe radhi, na uende kwenye harusi yake. Mlimchukua mtu mzima mkamfanya kiambatisho. Na yeye alijinufaisha, sikatai, lakini chumba chenye dirisha ulimpa wewe kwa kuogopa kusema hapana.

Kwenye harusi ya binamu sina mzaha. Pazia ni pazia, lakini pale watu wazima watatu mliandika uongo mkatia sahihi. Mkimwandikia afisa wenyewe kabla ya mahojiano kwamba mlikosea, kwa nini mlikosea, na ukweli ni upi, mtakuwa watu waliokosea wakasahihisha. Akigundua mwenyewe, hata cheti cha ndoa atakitazama kwa jicho jingine. Huenda ombi likachelewa. Huenda likakataliwa, sikufichi, na ndiyo maana wakili aione barua hiyo kabla haijaondoka. Kinachonikera ni kwamba mlificha ushahidi mzuri kuliko wote mlionao. Nimesoma barua nyingi za watu waliokutana harusini. Ya mwanamke aliyebeba kiti kizima kukirudisha bila sababu nimesoma moja.

Sasa mama mkwe. Umemlalamikia karibu kila aya, na baadhi ya malalamiko ni ya haki. Lakini nimetafuta kwenye barua yako mahali ulipomwomba radhi kwa kumwangusha, sikupaona. Kiti ulikitengeneza mara tatu. Mwenyewe aliyeanguka chali mbele ya wageni wake, ulimfanya nini? Ulimwoa binti yake. Binti akaenda nje. Sasa mwalimu anaoa, nawe viza ikitoka unapanda ndege. Atabaki nani katika nyumba hiyo na pazia lake? Umewahi kumwuliza? Mwanamke huyo amekukaririsha maswali mlangoni mwa bafu miaka miwili, akikusaidia kuondoka, huku akijua kwamba siku utakapofaulu atabaki na paka wa kubandikwa jina. Hilo la kukaa sakafuni na mkoba begani halikuwa la kochi, fundi.

Kwa hiyo kabla ya wakili, kabla ya sanduku, kaa na mama yako huyo mkiwa wawili tu. Usianze na fomu. Mwambie, "Mama, kile kiti nilikitengeneza vibaya, ukaanguka, na sikukuomba radhi." Kisha nyamaza. Akilia, mwache. Akikutukana, umestahili kidogo. Mkishamaliza hapo, mwulize angependa kuishi vipi wewe ukiondoka, na msikilize hata kama jibu lake litakugharimu mipango yako. Ndipo umwombe aandike barua yake upya. Mwambie hana haja ya kueleza alivyoanguka, aseme tu kwamba kiti kilivunjika na binti yake akakirudisha kwa fundi. Serikali za watu zimesoma makubwa zaidi ya hayo.

Kochi lifungue, ulipige picha, na umtumie yule mwalimu mkuu. Sharubu ni zako, amua mwenyewe, ila ukienda kwenye mahojiano hakikisha afisa anaweza kusikia unachosema.

Jumapili mpigie mke wako mama akiwa karibu, mumweleze wote wawili kwamba mnasahihisha ukurasa wa tisa na mnahitaji sahihi yake. Atakasirika, au ataogopa, ni haki yake. Halafu mama atoke nje, ubaki naye. Akianza kutaja tarehe, mkatize. Mwulize leo amekula nini, nani amemuudhi kazini, wazee anaowatunza wanaitwaje na wanapenda nini. Na uongeze salio kabla hujapiga, kwa sababu dakika tano hazitatosha kwa mazungumzo hayo.