Senene Walipoanguka Uwanjani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mmeamkaje hapo Chonyonyo? Goti la Bibi limepoa? Na kahawa mnaianikaje na mvua hizi? Mimi huku ng'ambo ya ziwa ni mzima, namshukuru Mungu.

Uliniuliza kwenye simu nafanya kazi gani hasa uwanja wa ndege, nikajibu "usafi" nikanyamaza, kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza. Sasa nakueleza. Kila asubuhi, kabla ndege ya kwanza haijatua, tunavaa reflekta, tunajipanga mstari na kutembea taratibu kwenye maegesho ya ndege tukiokota kila kilichoanguka: kokoto, misumari, vipande vya plastiki. Injini ya ndege huvuta hewa kwa nguvu sana. Ikimeza kokoto inaweza kuharibika watu wakiwa angani.

Juzi walikuja wakaguzi. Walipima taa, wakachungulia nyufa za lami, wakauliza gari la zimamoto hufika upesi kiasi gani. Msimamizi wetu alikuwa ametuonya, "Leo sitaki kusikia tatizo. Mwenye domo akae nalo." Mimi bado ni kibarua wa majaribio, Mama, na yeye ndiye anayeamua nani abaki.

Tulipofika mwisho wa maegesho, nikaona majani karibu na njia ya kurukia yamejaa senene! Usiku walifuata taa wakaanguka pale. Mama Koku, mama wa Muleba ninayefanya naye kazi, alishika kichwa.

"Ee Mungu wangu! Na mfuko sina!"

Wenzetu wa huku wakacheka. "Wahaya na panzi wao!"

"Huyu ni Mnyambo wa Karagwe," Mama Koku akasema akininyooshea kidole. "Tena mlafi kuliko mimi."

Nilicheka, na mate yalinijaa kweli. Halafu nikawaona yangeyange, wale weupe wanaofuata ng'ombe, kundi zima, wanashuka kula, na mwewe wakizunguka juu yao. Yangeyange mmoja akiingia kwenye injini ni balaa kubwa kuliko kokoto. Na ndege ya asubuhi ilikuwa karibu kutua.

"Mama Koku, tuseme."

"Mbele ya wakaguzi? Utarudi Karagwe kuchuma kahawa, wewe. Ngoja kwanza waondoke."

Unanijua, Mama. Hata kusoma somo kanisani nilikuwa natetemeka. Lakini niliwafikiria watu waliomo ndani ya ile ndege. Nikakimbia mpaka kwa msimamizi, aliyekuwa amesimama na wakaguzi, na sauti ikanitoka kama ya kifaranga.

"Samahani. Kuna senene kwenye majani, na yangeyange wanawafuata. Watazidi. Kwetu huwa hivyo."

Msimamizi alinikazia macho. Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, akamgeukia. "Redio yako, baba. Haraka."

Mnara wa kuongozea ndege ukamwambia rubani asubiri, akawa anazunguka juu ya ziwa. Gari lenye king'ora likapita kando ya njia, fataki zikalia, yangeyange wakatawanyika. Kisha njia yote ikakaguliwa upya, ndipo ndege ikatua.

Nilijua nimefukuzwa. Lakini yule mkaguzi akamwambia msimamizi nikiwa pale pale, "Tatizo halikosekani uwanja wowote. Hapa mtu ameliona, amesema, na nyie mmechukua hatua. Hilo naliandika. Na hizo taa za uzioni zielekezeni chini msimu huu."

Msimamizi akakohoa. "Wewe binti, kesho uongoze mstari."

Mama Koku alininunia hadi mchana kwa ajili ya senene wake, kisha akanigawia ndizi zake.

Abiria walishuka wakinung'unika. Mzee mmoja akapita karibu yangu. "Kuchelewa tu, kila siku kuchelewa!"

"Shikamoo, mzee. Pole kwa safari," nikamwambia. Alikuwa anatembea kwa miguu yake, Mama, mzima, na mjukuu wake mkononi. Furaha niliyoisikia sijui niiandikeje.

Nisalimie Bibi, mdogo wangu anayesoma la saba, shangazi wa Nyakasimbi, na mwalimu wetu wa kwaya. Nimesikia Baba huwaambia watu kanisani kwamba nafanya kazi ofisini. Mwambie asiseme hivyo tena. Aseme binti yake anaokota kokoto uwanja wa ndege, na aseme kwa sauti.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Kemilembe