Bwana Maji, Mashati Yako Hayanuki

Mwaka umetimia, Bwana Maji, tangu uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya chakula. Tulikuita, chakula kikapoa, tukaja kukuamsha, kumbe umeshakwenda zako. Tunaandika kwa sababu siku imefika na watu wanauliza. Machozi hatuna. Yamekauka au hayajaja, hatujui.

Wasiokufahamu wajue ulikuwa mkemia wa kiwanda cha dawa. Vidonge vya homa vilitoka pale visafi, lakini kimiminika cha kuyeyushia malighafi kilikuwa balaa, na wenyewe mlikiita Kali. Kali iliwachoma macho, ikaua nyasi za mtaro nyuma ya kiwanda, harufu yake ikakufuata mpaka nyumbani. Mkeo alikupokea mlangoni: "Baba watoto, shati libaki nje. Wewe ingia." Ulivua bila ubishi, ukaingia na fulana, unacheka.

Ukashikilia lako, kwamba maji yanaweza kufanya kazi ya Kali. Wenzako wakakubandika jina. "Bwana Maji, leo tunapika dawa kwa maji ya bomba?" Nawe: "Chekeni tu, mtakuja kuniomba kikombe." Mara nyingi mchanganyiko uliganda kama gundi, nawe ukarudi nyumbani umenuna. Asubuhi uliamka na wazo jingine. Hukuwa mtu wa kelele, ulikuwa mbishi tu.

Siku maji yalipokubali hukutuambia. Ulivua shati pale mlangoni, ukampa mkeo.

"Nusa."

"Mbona halinuki?"

"Ndiyo hivyo."

Siku hiyo uliongeza chakula, ukaimba ovyo ukiosha vyombo.

Mwezi uliopita ilitolewa tuzo ya wanaotengeneza dawa bila kuchafua mazingira, nayo ikaja kwa jina lako. Binti yako ndiye aliyepanda jukwaani. Maneno aliyoyaandaa yalimpotea, akasema, "Baba angesema asanteni, haya, rudini kazini," akashuka. Watu walicheka, wakapiga makofi. Sisi tulikaa tu. Tuzo ni ya kioo, nzito, iko juu ya kabati, na dada yako huipangusa vumbi. Wenzako wanasema nyasi za mtaroni zimeota.

Lipo neno moja, nalo nalisema mimi mkeo. Wajane wenzangu huniambia, "Ukizidiwa, fungua kabati, nusa nguo zake, utampata." Nimefungua. Nimenusa shati moja baada ya jingine, hata lile la mwisho ambalo sijalifua. Hakuna kitu. Kazi yako uliifanya vizuri mno, baba watoto, hukuniachia hata harufu. Nakuonea fahari, na nimekukasirikia.

Laiti ungerudi leo unanuka Kali mwili mzima. Nisingekwambia uvue shati. Ungeingia nalo.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako, mwanao wa kiume, dada yako, na wenzako wa kiwandani, ambao siku hizi kikombe wanakiomba kweli. Hatutakusahau kamwe, Bwana Maji. Mlango tumeuacha wazi.