Kipembe Nilichokifunga Chini ya Usukani

Bi Mwanaesha mpendwa,

Nakuomba msaada, na ikiwezekana unijibu kabla ya wenzangu walio kwenye foleni, kwa maana mimi ni mzee, moyo umechoka, daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi na badala yake humwita mwanangu pembeni, na fundi anakuja kulifungua gari Jumamosi ya wiki ijayo.

Nianze na gari. Ni la mwanangu Kioko, anayefanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo upande wa Mbaraki, nami naishi kwake hapa Kizingo. Alilinunua mwanzoni mwa mwaka likiwa karibu jipya, viti bado vina nailoni, na siku alipolileta nyumbani kila mtu alifurahi isipokuwa mimi, kwa sababu kaka yake Tony alifia katika gari jipya kwenye barabara ya Mariakani, na tangu hapo nikinusa viti vipya hushusha kioo hata mvua ikinyesha. Sikumwambia Kioko. Nililiombea gari mbele ya wageni, kama mzee wa kanisa anavyotarajiwa, kisha wiki iliyofuata nikaenda Mikindani kwa mtu mmoja wa kwetu Ukambani, mtu niliyekuwa nikimsema vibaya kanisani miaka nenda miaka rudi, nikarudi na kipembe cha mbuzi kilichozibwa kwa nta na kushonewa kitambaa. Aliniambia kitamlinda dereva, kifungwe chini ya usukani mahali pasipoonekana, na mwenye gari asijue.

Mimi, Bi Mwanaesha, nilikuwa mwalimu mkuu. Nimewavua watoto hirizi shingoni mbele ya gwaride. Na bado nililala chali kwenye sakafu ya gari la mwanangu, kichwa chini ya usukani na miguu nje ya mlango, nikikifunga kile kitu kwa waya, mpaka Lennox, bawabu wetu, akaja mbio akidhani nimeanguka. Akaniuliza, "Mwalimu, kulikoni huko chini?" Nikamwambia natafuta kalamu. Akainama naye akaitafuta, maskini, na alipoikosa akanipa yake.

Mwezi haukuisha, gari likaanza kugonga. Kioko akikata kona, na hasa anapoegesha, husikika ngo, kisha kimya, kisha ngo tena anaporudisha usukani. Mimi ndiye abiria wake wa kila mara kwa ajili ya kliniki, nakaa mbele kushoto, na ule mlio naupata kwenye nyayo kama kwamba mtu yuko chini anabisha hodi. Lakini Kioko aliponiuliza nausikia wapi, nilimjibu kwamba masikio yangu yamezeeka na sisikii kitu, kwa sababu niliogopa neno langu lolote lingempeleka kwenye kipembe. Waliomuuzia walimwambia gari jipya lina mambo yake, litazoea. Fundi wa kwanza akabadilisha mipira fulani huko chini, mlio ukabaki pale pale. Siku moja Kioko alikuwa akizungusha usukani gari limesimama uani, na mkewe, Mbeyu, ambaye ni fundi wa kushona nguo, akapeleka mkono nyuma ya gurudumu la mbele kushoto, akashika springi, akasema, "Baba Ashley, hapa panaruka." Hakuna aliyemjali, kwa sababu binti yangu Ketty alikuwa amekuja kututazama, akacheka na kuuliza tangu lini mwenye cherehani akawa makanika. Mimi sikucheka, niliingiwa na hofu zaidi. Nilidhani kile kitu kinahama, kwamba huwezi kukihubiri vibaya maisha yako yote kisha ukakitia garini na kisilipize kisasi.

Sasa Kioko amepata fundi mwingine, Griffins, ambaye amesema kwa kuwa mlio unakuja na usukani, basi atang'oa dashibodi na kufungua usukani wote mpaka apate kinachogonga. Mara mbili alipangiwa siku, na mara mbili nikashika kifua wakanikimbiza hospitali, tena katika gari lile lile, na ile mara ya pili nilianza kwa kujifanya lakini kabla hatujafika ikawa kweli.

Kinachoninyima utulivu hasa ni Ketty. Mbeyu ni Mgiriama wa pande za Kaloleni, na Ketty hajawahi kuipenda ndoa hiyo. Jumapili iliyopita tukiwa mezani alisema gari jipya haligongi bure, waulizwe wale wenye nyanya zao waganga huko Kaloleni. Kioko alimwambia anyamaze, lakini hakumtazama mkewe. Mbeyu aliendelea kunipakulia uji. Huyu ndiye anayeniosha miguu hii iliyovimba, ndiye anayejua dawa ipi inatangulia ipi, na wanawake wamerudishwa kwao kwa jambo dogo kuliko hilo, wengine wamefanyiwa mabaya zaidi. Griffins akikitoa kile kipembe mbele ya Ketty, nani atauliza kama kilitoka Mikindani kwa Mkamba mwenzetu?

Nimejaribu kwenda kukitoa mwenyewe, lakini siku hizi siwezi kuinama hata kufunga kiatu. Nimefikiria kumtuma Lennox. Nimefikiria, Mungu anisamehe, kumwomba Mbeyu mwenyewe akitoe kimya kimya. Hata nimeomba nife kabla ya Jumamosi, kisha nikagutuka, kwa sababu nikitangulia watasema kipembe ndicho kilichoniua, na yeye atakuwa peke yake nao. Nashinda nasikiliza geti, kila gari likipunguza mwendo nadhani ni Griffins ameamua kuja mapema.

Je, niseme, au kuna fundi msiri unayemfahamu anayeweza kuja watu wakiwa kazini, akitoe, ili mwanangu azike baba anayemheshimu?

Mwalimu asiyetulia, Kizingo

*

Bi Mwanaesha anajibu:

Mwalimu wangu, shikamoo. Majina yote nimeyabadilisha, lakini Kizingo si mtaa mkubwa, kwa hivyo usishangae mtu akikutambua kabla hujamaliza chai. Ikiwa hivyo, mshukuru, atakuwa amekupunguzia kazi.

Pole kwa Tony. Nasema hilo kwanza kwa sababu nitakugombeza. Mzazi aliyemzika mtoto hufanya mambo ambayo mwenyewe hakuwahi kudhani angeyafanya, na kwa kile kipembe mimi sikulaumu sana. Nakulaumu kwa yale masikio.

Hebu soma barua yako kama ulivyokuwa ukiwaambia wanafunzi wasome swali. Kipembe umekifunga kulia, chini ya usukani, kwa waya. Mlio unaupata kushoto, nyayoni mwako. Mbeyu ameshika springi ya kushoto, nayo imeruka mkononi mwake. Kipembe gani hicho chenye miguu? Mimi si fundi, lakini gari langu liliwahi kugonga hivyo hivyo, na ilikuwa beringi iliyo juu ya springi, hukwama usukani ukizungushwa kisha hujiachia ghafla. Lenu huenda ni hiyo. Huenda pia ni kiungo kinachoshikilia gurudumu, na hicho kikiachia mkiwa darajani Nyali hakuna wa kusimulia. Mimi sijui, na wewe hujui. Kwa hivyo gari lisitoke getini, hata kwa ajili ya kliniki yako, mpaka upande ule wa kushoto ufunguliwe na kutazamwa. Teksi zipo.

Sasa ona ulivyojifunga. Kama siku ile ya kwanza ungesema, "Mwanangu, linagonga hapa chini ya miguu yangu," Griffins asingekuwa na haja ya kuigusa dashibodi. Ni uongo wako unaomwelekeza kwenye kipembe. Na huku ukikilinda kipembe, umewaacha mwanao na mjukuu wako waendelee kupanda gari bovu, wewe uliyekwenda Mikindani kwa kuwahofia.

Habari ya fundi msiri sitaki kuisikia. Lennox usimtie katika hili, kalamu yake inatosha. Na hilo la kumtuma Mbeyu litoe kichwani kabisa: akikutwa nacho mkononi, nani atamtetea nawe uko kaburini? Unataka mwanao azike baba anayemheshimu. Na mkewe je, azikwe akiwa hai ili heshima yako isiguswe?

Usingoje Jumamosi. Gazeti hili likikufikia, mpigie Ketty simu aje leo, mwambie baba anamwita. Bila Ketty usianze. Ukimwambia Kioko peke yake, kwa kuwa ni mtoto mwema atataka kukuficha, na lile neno la Kaloleni litabaki mezani kama lilivyo. Wakiwa wamekaa wote, usianze na Tony, usianze na moyo wako, na tafadhali usishike kifua. Sema hivi: "Kuna kipembe garini. Ni changu. Nilikileta mimi na nilikifunga mimi." Kisha mgeukie Mbeyu, umtaje kwa jina, umwambie alikuwa sahihi kuhusu springi na kwamba wewe ulijua, ukanyamaza akichekwa. Umwombe radhi hapo, wengine wakisikia. Habari za Tony zije baadaye, nao watazielewa, wao pia walimzika.

Kioko akinyamaza, mwache anyamaze. Ketty akipandisha sauti, mwache, lakini asiondoke chumbani. Pumzi zikikupungukia, mpe mjukuu wako Ashley nafasi ya kucheza nje na umpe Kioko gazeti hili asome kwa sauti tangu juu mpaka chini, pamoja na matusi yangu.

Halafu nendeni uani siku hiyo hiyo. Kioko akitoe kipembe kwa mkono wake mwenyewe, na Ketty amshikie tochi, auone ule waya ulivyofungwa kizee. Griffins aambiwe aanze kushoto. Mbeyu asiguse kitu siku hiyo, si gari, si dawa zako, si sufuria ya uji. Akae kwenye kiti kizuri kuliko vyote hapo nyumbani, na chai amletee Ketty.